Friji Yetu na Dawa ya Mwanangu

Mimi ni mwoga, wala sifichi. Wanaonisikia nikifoka kwenye kibanda changu cha kushonea nguo kule Nyamagana wanadhani nina moyo wa chuma. Thubutu! Nafoka kwa sababu naogopa. Na katika vyote ninavyoviogopa, na ni vingi, hakuna kinachonitoa roho kama friji ya nyumbani kwangu kunyamaza. Ikinguruma pale pembeni mwa sebule sina habari nayo. Ikinyamaza tu, hata kama nina tonge mkononi, nainuka naenda kuiwekea kiganja ubavuni nisikie kama bado inafanya kazi. Wageni hucheka. Wacheke tu, hawajui nilikotoka.

Tunakaa Igoma, mtaa wa nyuma ya mafundi wa kuchomelea mageti. Mume wangu anafanya kazi Geita na huja nyumbani akipewa ruhusa, kwa hiyo siku nyingi nyumba ni ya wanawake watatu: mimi, binti yetu wa pekee ambaye wakati huo alikuwa darasa la nne, na mama mkwe wangu. Mama mkwe ni mtu wa kijijini, Bujora. Alizaliwa huko, akaolewa huko, akamzika mumewe huko, ndipo mwanawe akamleta mjini asikae peke yake. Alikuja na kuku, na mbegu za maboga, na tabia zake.

Tabia zake! Mama aliishi sehemu kubwa ya maisha yake bila umeme, akiokota kuni na kinyesi kikavu cha ng'ombe, akifukia makaa ndani ya majivu jioni ili asubuhi asihangaike na kiberiti. Kwake yeye kitu kinachowaka bila mtu kukitumia ni dhambi. "Umeme si maji ya ziwa," alikuwa akisema, "useme utachota tu." Alizima taa ukiwa umetoka na alizima ukiwa bado umo. Mara ngapi nimekuwa bafuni na sabuni machoni, ghafla giza totoro! Napiga kelele, "Mama, nimo humu!" Naye ananijibu kutoka sebuleni bila haraka, "Kwani mwili wako huujui?"

Mwanzoni nilicheka, kisha nikanuna, mwishowe nikamfuata. Pasi ya umeme iliwashwa Jumapili tu, nguo zote za wiki kwa mkupuo mmoja. Alianza na nguo nyepesi pasi ikiwa bado inapata moto, akaja kwenye sare za shule na suruali za mwanawe, halafu akachomoa waya na kumalizia vitambaa na hijabu za jirani kwa joto lililobaki. Mimi fundi nguo, pasi nimeishika tangu usichana, nafundishwa kupiga pasi na mama wa Bujora. Makubwa hayo! Maharage nayo aliyachemsha kwa muda, akayaepua yakiwa bado yanatokota, akafunika sufuria vizuri na kuitumbukiza kwenye kapu lililojaa blanketi kuukuu na khanga zilizochakaa. Anafunga kapu asubuhi, mchana maharage yameiva mpaka yanapasuka, na mkaa uko pale pale. Maji ya kuoga aliyaweka kwenye ndoo nyeusi yenye mfuniko, juu ya jiwe kubwa lililo nyuma ya nyumba yetu, jua likayapasha. Jioni unaoga maji ya uvuguvugu na hujawasha kitu.

Lakini fahari yake ilikuwa friji. Alijaza maji kwenye chupa tupu za soda na kuzipanga kwenye friza mpaka zikaganda ngumu. Asubuhi anazima friji, na zile chupa zinashika baridi mchana kutwa. Jioni anaiwasha tena. Kufungua mlango ovyo kulikuwa marufuku. Unasimama kwanza nje, unafikiria unachotaka, ndipo unafungua, unachukua, unafunga. Alifunga hata kitambaa kwenye mpini wa mlango, ufungue fundo kwanza, akili ikurudie. Majirani walikuja kujifunza. Umeme tulionunua wa luku ulikuwa unakaa mpaka mimi mwenyewe nasahau kununua mwingine, na nikamsifia mume wangu kwenye simu, "Mama yako kiboko."

Basi tukaishi hivyo, tunataniana, mpaka binti yangu alipoanza kunywa maji.

Alikunywa maji kama mtu aliyetoka kulima. Anakunywa, anakwenda chooni, anarudi anakunywa tena. Akaanza kukojoa kitandani, mtoto mkubwa, nikamgombeza. Sare zake zikaanza kumpwaya. Nilizibana kiunoni kwa mkono wangu, na baada ya muda mfupi nikalazimika kuzibana tena. Nguo haidanganyi. Mwanangu alikuwa anayeyuka mbele yangu.

Hospitalini wakatuambia ni kisukari. Nilibisha. Nikasema kisukari ni cha wazee wenye vitambi, huyu ni mtoto, tena hana mwili. Daktari, mama wa makamo mwenye sauti ya upole, aliniacha nibishe mpaka nikachoka, ndipo akanieleza kwamba mwili wa binti yangu umeacha kutengeneza insulini, na kwamba atadungwa kila siku ya maisha yake. Akamgeukia na mtoto mwenyewe, akamweleza kama mtu mzima. Dawa ikae mahali pa baridi. Isikae juani. Isigande. "Ikiganda, mwanangu, itupwe, hata kama inaonekana nzima." Binti yangu akaitikia kwa kichwa. Mimi nilikuwa nasikia, lakini kichwani mwangu kulikuwa na neno moja tu linapiga kelele: bila dawa hii, atakufa.

Tangu siku hiyo sikuwahi kulala usingizi wa kueleweka. Niliogopa sindano, niliogopa chakula, niliogopa akicheza sana na niliogopa akikaa kimya. Kila asubuhi nilimchoma kidole, nikaweka tone la damu kwenye kimashine cha kupimia sukari na kusubiri kitoe namba. Na dawa yote hii, uhai wote wa mwanangu, ilikaa kwenye vichupa vidogo vya kioo ndani ya kikopo cha plastiki, kwenye ile friji ya kuzimwa asubuhi.

Nilimwambia mama siku ile ile tuliyorudi. "Mama, friji isizimwe tena. Mchana, usiku, isizimwe. Dawa inataka baridi." Naamini nilimweleza yote kama nilivyoelezwa, lakini alichoshika yeye ni baridi. Nilijiandaa kwa ugomvi. Hakugomba. Alikwenda kwenye friji, akafungua kile kitambaa chake kwenye mpini, akakikunja na kukiweka mfukoni. "Mke mwenzangu akiishi," akasema, maana ndivyo alivyomtania mjukuu wake, "umeme uwake mpaka uchoke." Nililia, yeye akanipa mgongo asinione.

Walipendana wale wawili, mpaka niliona wivu. Walilala chumba kimoja. Mama alijifunza kuhesabu vijiko vya ugali na kukatalia majirani pipi zao. Mtoto alimsomea habari za shuleni, naye akamfundisha nyimbo za Kisukuma za kupalilia, basi jioni nyumba inaimba.

Kisha mvua zikaanza. Asiyeishi kando ya ziwa hili hajui radi. Wingu linatoka ziwani likiwa jeusi, linapanda juu ya mawe na mabati, na mara mbingu inapasuka juu ya paa lako. Mtaa mzima unachomoa nyaya. Mama alikuwa na utaratibu wake wa tangu kwao: kioo cha ukutani kinafunikwa khanga, nguo nyekundu inavuliwa, simu inazimwa, kila mtu anakaa chini mbali na mlango, hakuna kuongea. Sasa, mchana mmoja wa radi, nikiwa kibandani, mama alichomoa kila kitu ndani ya nyumba, na friji ikiwemo. Radi ikapita. Alirudisha redio, akarudisha taa, friji akaisahau.

Niliporudi jioni nilisikia ukimya kabla sijavua viatu. Nilifungua kikopo, vichupa vina uvuguvugu. Weee! Nilifoka mpaka mafundi wa mageti wakazima mashine zao kusikiliza. Nilimwambia mama maneno ambayo mkwe hamwambii mkwe. Alisimama mbele yangu mikono imeshikana, akasema, "Nimekosa, mwanangu, ni zile radi." Nikatoka nje nyuma ya nyumba, nikampigia mume wangu, nikamwaga yote yaliyokuwa kifuani. Baadaye nesi wa kliniki aliniambia dawa haikuharibika kwa mchana mmoja, nipunguze presha. Sikupunguza kitu.

Tangu hapo mama naye akawa mwoga. Nilimwona. Akipita karibu na friji anaigusa. Umeme ukikatika anasimama katikati ya sebule hajui aende wapi. Tukawa wawili sasa tunaosikiliza friji, kila mtu kivyake, hatusemezani juu yake.

Siku nyingine umeme ukakatika asubuhi, mtaa mzima, na jua likawaka kama limekasirishwa. Kibandani nilishona kwa cherehani ya mguu huku akili iko Igoma. Dawa! Dawa! Nikaacha kazi ya mteja katikati, nikarudi. Nafika, umeme umesharudi, friji inanguruma, na mama amekaa mlangoni anachambua mchicha, uso umetulia kuliko nilivyouona kwa muda mrefu.

"Kashike," akaniambia.

Nilifungua kikopo. Vichupa vilikuwa na baridi safi, baridi kuliko siku nyingine zote. "Umefanyaje, mama?"

"Nimeitunza," akasema. "Joto halikuiona."

Nilimshukuru. Nilimwambia Mungu ambariki, na nilimaanisha. Binti yangu alikuwa amerudi kutoka shule, amesimama mlangoni mwa chumba chao na sare yake. Alitutazama, mimi na bibi yake tunacheka kwa mara ya kwanza baada ya ule ugomvi, akaingia chumbani.

Baada ya hapo namba zikaanza kupanda. Mwanzo kidogo, nikasema labda ugali ulizidi. Nikapunguza. Zikapanda. Nikaongeza dawa kama nilivyoelekezwa kliniki. Zikapanda tu. Kiu ikarudi, na safari za chooni zikarudi. Niliogopa, na mimi nikiogopa mnajua ninachofanya. Nilimfokea mtoto. "Umekula nini? Nani anakupa pipi? Sema!" Akasema hajala kitu. Nilimwaga mkoba wake sakafuni, nikatikisa madaftari, nikanusa mifuko ya sare. Hakuna hata ganda. Alisimama ananitazama nikipekua, macho yameingia ndani, midomo mikavu. Nikamwambia anidanganye tu lakini mwili wake hautadanganyika. Mama akasema kwa sauti ya chini, "Mwache, anaumwa." Nikamwambia na yeye asiniingilie.

Nilipanga kumpeleka kliniki asubuhi inayofuata. Asubuhi hiyo akasema amepata nafuu, na kimashine kilikuwa kimeishiwa vijiti vya kupimia, nikasema niende mjini kwanza nikanunue, nirudi mara moja. Nilikuwa bado kwenye foleni simu ilipoita. Alikuwa mama. Mama hapigi simu. Anasema ni kula umeme wa kuchajia bure. Nilipoliona jina lake nilijua.

"Anatapika," akasema. "Na anapumua vibaya. Njoo, mwanangu. Njoo sasa hivi."

Sikumbuki njia. Nakumbuka mama amekaa kwenye bajaji nje ya nyumba, tayari, mtoto mapajani mwake, na dereva ameshawasha moto. Nakumbuka pumzi zile: ndefu, nzito, za haraka, kama mtu aliyekimbizwa, na yeye amelala. Mdomo wake ulinukia kama ndizi zilizoiva kupita kiasi. Nilimwita jina lake njia nzima. Alifungua macho mara moja akanitazama kama hanijui, akayafumba. Jamani, niliogopa. Nilikuwa nimeshika unyayo wake, maana ndicho nilichokifikia, na nikawa naubana, naubana, nikiwaza kwamba nikiuachia tu ameondoka.

Walimpokea mbio. Wakaweka dripu, wakapima, kimashine chao hakikutoa namba, kiliandika tu kwamba sukari imepita uwezo wake wa kuhesabu. Nesi mmoja, dada kijana mwenye maswali ya haraka, akanivuta pembeni huku wenzake wanaendelea.

"Anadungwa kila siku?"

"Kila siku. Kwa mkono wangu."

"Dawa inakaa wapi, mama?"

"Kwenye friji. Chini, ndani ya kikopo."

"Imewahi kuganda?"

"Haijawahi," nikasema. "Naapa kwa Mungu aliye hai, haijawahi."

"Iliganda," ikasema sauti nyuma yangu.

Mama alikuwa amesimama pale na khanga yake yenye matapishi ya mjukuu wake. Alimwangalia nesi, mimi hakuniangalia. "Siku umeme ulipokatika," akasema. "Jua lilikuwa kali. Chupa zangu za maji kule juu kwenye friza zilikuwa bado jiwe, nikaweka dawa katikati yake, joto lisiifikie. Umeme uliporudi nikachelewa kuitoa, nikakuta imekuwa barafu. Nikaishika kwenye viganja mpaka ikayeyuka. Ikawa kama zamani. Maji yakiganda, yakiyeyuka, si ni maji yale yale?"

"Maji ndiyo, bibi," nesi akasema polepole. "Dawa hii hapana. Ikiganda inakufa. Alikuwa anadungwa kitu kisicho na kazi."

Mama aliweka mkono mdomoni. Na mimi nilimgeukia. Sitaki kuyarudia yote, wagonjwa walisikia, walinzi walisikia, inatosha. Nilimwambia ameniulia mtoto. Nilimwambia yeye na chupa zake, na kapu lake, na ndoo yake ya juani, na masharti yake ya umeme, ameniulia mtoto wangu wa pekee kwa ubahili. Na wakati nayasema nilikuwa najua si ubahili. Siku ile hakuwa anaokoa umeme, umeme haukuwepo. Alikuwa anamwokoa mwanangu kwa njia pekee aliyoijua, akaishika dawa kwenye viganja vyake mpaka ikayeyuka. Nilijua, na mdomo haukusimama. Mama alitoka nje, na mlango ukajifunga nyuma yake.

Usiku huo sina la kusimulia zaidi ya kwamba nilihesabu pumzi. Asubuhi pumzi zikaanza kuwa fupi na laini. Daktari akaja, akapima, akasema tumemwahi. Mchana binti yangu akafungua macho, akanitambua, akaomba uji.

Nilicheka na kulia pamoja. Nilimlisha kijiko kimoja kimoja kama mtoto mchanga. Aligeuza kichwa akatafuta chumba kizima kwa macho.

"Bibi yuko wapi?"

"Yuko nje."

"Mama, usimrudishe Bujora."

Kijiko kilisimama hewani. "Nani amekwambia narudisha mtu Bujora?"

"Wewe," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo, nikainama nimsikie. "Siku ile ya radi. Ulikuwa unaongea na baba kwenye simu nyuma ya nyumba, mimi nilikuwa dirishani. Ulisema akigusa friji tena, harudi kulala kwako, anarudi kwao."

Nililikumbuka neno hilo wakati huo huo. Nililisema. Nilikuwa na hasira, nikalisema na nikalisahau kabla sijafika mlangoni.

"Siku umeme ulipokatika nilirudi kutoka shule nikamkuta bibi jikoni ameshika dawa," akaendelea. "Ilikuwa barafu. Daktari alisema ikiganda itupwe, nilisikia. Nikajua."

"Ukajua?"

"Ndiyo."

"Na nikawa nakudunga, asubuhi na jioni, na wewe unajua?"

Akafumba macho. "Nilidhani itafanya kazi kidogo. Ningekwambia ungemfukuza bibi." Akapumzika. "Na ulivyokuwa unafoka, niliogopa."

Niliweka bakuli chini. Nimeogopa radi za ziwa hili, nimeogopa umeme kukatika, nimeogopa namba za kile kimashine. Sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa pale kitandani, nilipomtazama mwanangu na kuelewa kwamba aliona afadhali afe kimya kuliko aniambie mimi. Nilimpangusa mdomo.

Kisha nikatoka nje.

Mama alikuwa kwenye benchi la ukumbini, pale pale alipoketi tangu jana, khanga ameifua kwenye bomba la nje na kujitanda ikiwa bado na unyevu. Kando yake kulikuwa na mfuko wa plastiki wenye vitu vyake vichache alivyokuja navyo. Aliponiona alisimama haraka, kama mtu aliyeitwa na mkubwa.

"Mwanangu, anaendeleaje?"

"Ameamka. Amekunywa uji."

Alishukuru kwa Kisukuma, macho yake juu. Akainama, akauchukua mfuko. "Basi mimi nakwenda kwetu. Nilikuwa nasubiri tu kujua kama ni mzima. Mwambie mume wako nimeamua mwenyewe, usigombane naye."

"Mama, mtoto anakuita."

Alinitazama. Katika kukaa kwetu kote hakuwahi kunitazama vile, moja kwa moja, mzazi kwa mzazi. "Ananiita yeye," akasema, "au unaniita wewe?"

Mdomo huu, unaofoka mpaka mafundi wa mageti wanazima mashine, ulilazimika kutafuta sauti ya chini. Watu walikuwa wanapita na ndoo na mashuka, na mimi nimesimama katikati ya ukumbi ule.

"Nakuita mimi," nikasema. "Usiende, mama. Peke yangu nitamtisha tena."

Aliuweka mfuko kwenye benchi, akaenda kwenye sinki akanawa mikono kwa muda mrefu, akaikausha kwenye khanga. Akapita mbele yangu, akasukuma mlango, akaingia. Nilibaki nje kidogo niwaachie nafasi. Na hapo ndipo nilipomsikia binti yangu akilia, kilio kikubwa cha mtoto, kwa mara ya kwanza tangu aanze kuugua.